Tele ya mkopo ikifa kabla ya deni kuisha

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea tele ya inchi 43 akiwa ameizungushia blanketi, kijana wake ameibeba kichwani. Waliiweka juu ya meza yangu, yeye hakukaa. "Fundi, haina hata miezi mbili. Mule magazini banasema njo umeme ya kwetu iliiua. Na mwisho wa mwezi bananingojea na feza." Magazini ndilo duka lililomkopesha, na feza ni malipo ya mwezi. Alikuwa ametoa dola 120 za avansi (malipo ya kwanza), dola 10 za dosie (karatasi za mkopo), na mwezi mmoja wa dola 35. Ilibaki miezi minane.

Bisibisi nilikuwa nimeshaishika. Nikairudisha mfukoni. Nyuma ya tele, juu ya skrubu moja, kulikuwa na kile kikaratasi cha garanti (dhamana), kizima kabisa, na nilijua nikikitoboa tu mabishano yamekwisha na yeye ndiye aliyeshindwa. Nikawaambia waifunge tena vilevile warudi nayo nyumbani. Kijana alinitazama kama mtu asiyejua kazi yake.

Natengeneza tele hapa Kamalondo tangu zile za mgongo mkubwa. Siku hizi wengi wanaokuja hawahitaji nitengeneze, wanahitaji shahidi. Maana tele ya mkopo ikizima, hakuna anayebisha kwamba imezima. Wanabishania nani ameiua. Duka litasema umeme wako. Ukikosa la kujibu, utalipa miezi minane ya kioo cheusi.

Basi anza na umeme, kwa sababu ndiyo silaha yao ya kwanza. Igeuze tele usome kibandiko cha nyuma. Nyingi zinazouzwa mjini kwetu zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Maana yake kiwanda chenyewe kimekubali kwamba tele hiyo inafanya kazi hata umeme wa 220 ukishuka hadi 150, ule wa jioni ambao taa inageuka rangi ya chai. Mtu wa duka akikuambia "umeme wenu huko uko chini sana", mwonyeshe namba hizo kwa kidole. Nimeona zaidi ya mmoja akikohoa na kubadilisha maneno.

Umeme unaoua kweli ni ule unaopanda. Waya wa nutro, ule unaorudisha umeme, ukikatika kwenye nguzo, nyumba inaweza kupata karibu volti 380 badala ya 220. Radi za msimu wa mvua pia zinaua. Lakini umeme wa namna hiyo unaacha alama. Ndani ya tele, karibu kabisa na pale waya unapoingia, kuna fyuzi, na kando yake kidude cha mviringo kama kidonge, mara nyingi cha bluu. Tunakiita varista. Kazi yake ni kufa kwanza. Volti zikizidi, kinapasuka, fyuzi inakatika, na ukifungua unakuta masizi meusi na harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Tena umeme huo hauchagui nyumba moja. Usiku huohuo friji ya jirani inakufa, chaja za simu zinakufa, balbu zinapasuka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja haliihusu tele: "Siku ile, kwa jirani kulikufa nini?" Mama wa Katuba alisema hakikufa kitu. Redio yake yenyewe, kwenye multipriza (soketi ya matundu mengi) ileile, ilikuwa inaimba.

Swali la pili: sauti ipo? Ilikuwepo. Hapo nikamfundisha jambo ambalo kila mwenye tele anaweza kulifanya bila kugusa skrubu. Funga mapazia, washa tele, kisha usogeze tochi ya simu karibu na kioo, kwa pembeni. Ukiona watu wanatembea humo kama vivuli, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma. Taa hizo ni LED ndogo zilizopangwa kwenye vipande virefu vya mstari, kila moja imevaa kofia ya plastiki. Zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika, mstari mzima unazima, na mara nyingi bodi inazima na mingine ili kujilinda. Sababu ni joto: kuna viwanda vinavyozisukuma taa hizi kwa nguvu ili tele ing'ae vizuri pale dukani. Sasa, umeme wa nje uwezeje kuua LED ya ndani na kuacha fyuzi na varista salama? Ni kama mwizi aliyepita getini bila mlinzi kumwona, akapita sebuleni, akaenda moja kwa moja kuiba mto alioulalia mtoto. Inawezekana, lakini mimi sijaiona.

Kuna tele moja ambayo usijisumbue nayo: yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Hiyo imegongwa, na duka litaiona kabla hujafungua mdomo.

Sasa sheria. Mimi si wakili, lakini nimekaa na mawakili mara nyingi hata sehemu hii naijua. Kwetu Kongo, mtu anayenunua kitu cha nyumbani kwake bado analindwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, sheria iliyoletwa wakati wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ni nzee lakini haijafa. Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika, yaani zile ambazo mnunuzi hangeweza kuziona, na zinazofanya kitu kisifae kazi yake. Mnunuzi anachagua: arudishe kitu apewe bei yake, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji kutojua kasoro hakumwokoi, isipokuwa waliandikiana kwamba hatoi garanti. Asipojua, anadaiwa bei na gharama zilizotokana na mauzo. Akiwa alijua, anaongeza na fidia. Lakini sheria hiyohiyo inataka mnunuzi afanye haraka, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea: wanazungushwa na "pita kesho" miezi mitano. Wenye maduka wengine wanawatisha wateja kwa kutaja OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara. Ni kweli Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, lakini kanuni zake za mauzo ya kibiashara ni za wafanyabiashara wao kwa wao, si za mama aliyenunua tele ya sebuleni.

(Wasomaji wa Dar na Mombasa mnisamehe: nimeandika "kununua" ili tuelewane. Hapa Lubumbashi "kuuza" ndiko kununua, na anayeuza "anauzisha". Kuna mteja wa Tanzania aliyewahi kufikiri namtafutia soko la tele yake.)

Mkopo ndio unaochanganya watu. Kwanza soma mkataba ujue unadaiwa na nani. Kuna duka linalokukopesha lenyewe, na hapo mambo ni mepesi, mauzo yakivunjika deni linaanguka nayo. Kuna kampuni ya fedha iliyokwisha kulilipa duka pesa zote, wewe unadaiwa na kampuni. Hapo barua ni mbili, kwa sababu kampuni itasema, "Sisi hatukukuuzia tele." Na kuna mkato wa mshahara, wa watu wa migodini hasa, ambapo lazima biro ya kazini nayo ijulishwe. Uingereza wamelifunga tundu hili: kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo ya 1974 kinamfanya mkopeshaji awajibike pamoja na duka, kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Mjomba wangu ana mtoto huko na alidhani sisi pia tunayo. Usiende magazini na kifungu cha Waingereza.

Na usiache kulipa kimyakimya. Najua inauma kulipia giza. Lakini ukiacha bila kuandika, kesho wewe ndiye mvunja mkataba, na duka litazungumzia deni lako tu. Mama alilipa mwezi wa pili, na kwenye risiti akaandikisha: "Nalipa huku nikidai, tele ina kasoro." Mpokea fedha wa duka alikunja uso, akapiga muhuri.

Barua tuliiandika siku hiyohiyo, kopi mbili, moja ibaki kwao na moja irudi na muhuri na tarehe. Mawakili wanaiita kwa Kifaransa mise en demeure, yaani barua ya kumtaka mtu atimize wajibu wake. Iliandika namba ya mkataba, namba ya seri ya tele, siku ilipozima, na anachotaka: bei irudi na mkataba ufutwe, ndani ya siku nane. Tulipiga video ya simu inayoanza kwenye namba ya seri, inazunguka bila kukatwa hadi kioo cheusi chenye sauti. Kartoni na polistireni alikuwa navyo, kwa bahati. Alikuwa anahifadhia sahani.

Siku ya sita waliita. Nilikwenda naye. Nikaomba jambo moja tu, fundi wao afungue tele mbele yetu. Akakata kile kikaratasi yeye mwenyewe, akatoa kifuniko. Fyuzi nzima. Varista ya bluu, safi kama siku ilipotoka kiwandani. Akaondoa kioo taratibu, na kwenye mstari wa tatu LED moja ilikuwa na doa jeusi, kofia yake imeyeyuka kidogo. Fundi hakusema kitu, ni kijana mwenye heshima. Aliisogeza tu tele ili mkubwa wake aone.

Kwanza walitaka kubadilisha. Kubadilisha si kubaya, lakini namba ya seri mpya lazima iandikwe kwenye mkataba, la sivyo unalipia tele moja na garanti ni ya nyingine. Mama alikataa, hakuwa na imani tena. Wakakubali kurudisha 190, yaani avansi na miezi miwili, bila dola 10 za dosie. Nikawakumbusha gharama za mauzo. Tukabishana juu ya dola kumi muda mrefu kuliko juu ya zile 190. Walitoa 200, kwa mara mbili.

Kabla ya kutoka, nilimwambia aombe karatasi moja zaidi: mkataba namba fulani umefutwa, mteja hadaiwi. Wiki tano baadaye mkusanya madeni alibisha kwake Katuba na orodha mkononi, jina la mama likiwa limepigwa mstari mwekundu chini yake. Mama alimpitishia kopi juu ya geti. Yule bwana aliisoma akiwa amesimama, akanakili namba, akauliza njia ya kwenda kwa mtu aliyefuata.