Vidonge niliviacha, kusikiliza sikuacha

Bibi aliingia ameshikwa mkono na mke wa mwanawe. Kabla hajaketi sawasawa, mkwe alikwisha kunipa jibu: "Ana gesi, daktari, na hii malaria yake ya siku zote." Nilimshukuru, nikamwomba aniachie bibi kidogo. "Shikamoo bibi. Pole na njia. Nisimulie mwenyewe, anzia popote unapotaka." Alinyamaza. Akajitanda upya khanga yake. Kisha akasema, "Mwanangu, usiku nikilala naona kama nimefunikwa godoro."

Huo ulikuwa mwaka wangu wa nne hapa Tanga nikitibu kwa homeopathia, tiba inayolinganisha dalili za mgonjwa na dalili zilizoandikwa za kila dawa, kisha humpa dawa hiyo ikiwa imezimuliwa mno, na chuo cha utabibu nilikuwa bado sijaingia. Leo mimi ni afisa tabibu, na vile vidonge vidogo vya sukari sivitoi tena. Lakini namna ya kumhoji mgonjwa niliyofunzwa na homeopathia naitumia kila siku, na wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mazoezi nawafundisha hiyo hiyo. Nataka kueleza inavyofanyika, na pia mahali iliponipotosha, maana yote mawili niliyaona kwa bibi huyo huyo.

Mwanzilishi wa homeopathia ni Samuel Hahnemann, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843. Aliishi zama ambazo mgonjwa alitolewa damu na kutapishwa kabla hajaulizwa mengi. Kitabu chake kikuu, Organon, kilitoka mwaka 1810, na toleo la sita lililochapishwa 1921 lina vifungu 291. Wasomaji wengi hukimbilia vifungu vya dawa. Mimi wanafunzi nawapeleka kifungu cha 83 hadi 104, alikoandika jinsi ya kumsikiliza mgonjwa na kuandika anayoyasema.

Agizo lake la mwanzo ni kunyamaza. Mgonjwa aseme, ndugu zake nao waseme, na mtabibu aandike kwa maneno yao yale yale. Asiwakatize maadamu hawajatoka nje ya habari, kwa kuwa mtu akishakatwa uzi wa maneno, akiurudia hasemi tena kile alichokuwa anataka kusema. Kila dalili ipewe mstari wake na nafasi chini yake. Wanafunzi huliona jambo la mistari kuwa dogo, mpaka wajaribu. Ukiandika "kichwa, kichefuchefu, uchovu" kwenye mstari mmoja, umeshafunga hesabu. Ukiacha nafasi chini ya "kichwa", ile nafasi tupu inakudai: kichwa upande gani, tangu lini, na akiinama kinakuwaje?

Mwaka 1984 huko Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mahojiano 74 ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Kwetu sekunde 18 hazitoshi hata salamu, na mtu ambaye hajasalimiwa sawasawa hatakwambia lililo ndani.

Mgonjwa akimaliza, ndipo unarudi juu ya karatasi, mstari kwa mstari. Panauma wapi hasa? Panauma namna gani? Kunaanza saa ngapi? Nini kinazidisha, nini kinatuliza, na kinakuja pamoja na nini? Clemens von Bönninghausen, mwanasheria aliyekuja kuwa mfuasi mkubwa wa Hahnemann, alikipanga kitabu chake cha mfukoni cha mwaka 1846 kwa kufuata pande hizi: mahali, hisia, kinachozidisha au kutuliza, na kinachoambatana. Dalili isiyo na pande hizo tulifundishwa kuihesabu nusu dalili.

Kisha kuna katazo la kifungu cha 87: usimuulize mgonjwa swali linalojibika kwa ndiyo au hapana, wala usimtie jibu mdomoni. Kwa Kiswahili katazo hili ni zito zaidi. Muulize mtu, "Hukohoi damu?" Akijibu "Ndiyo", amekubaliana na ulichosema: ndiyo, sikohoi. Mwanafunzi aliyesomea udaktari wote kwa Kiingereza anaandika kinyume chake, na nimeshaliona hilo kwenye faili zaidi ya mara moja. Uliza, "Ukikohoa, kinatoka nini?" Hapo hakuna pa kuteleza.

Lugha yetu ina mitego mingine ambayo vitabu vya Ulaya haviwezi kuitaja. Mkono unaanzia begani mpaka ncha za vidole, na mguu unaanzia nyongani mpaka unyayo, kwa hiyo "mguu unauma" bado haijakwambia kitu. Tumbo nalo ni pana. Kuna watu, akina mama hasa, wanaolitaja tumbo kwa adabu huku tatizo liko chini zaidi. Ninachofanya ni kumwambia, "Nionyeshe kwa kidole kimoja." Wengine hawawezi, wanaweka kiganja kizima, na hilo nalo ni jibu. Anayekandamiza ngumi katikati ya kifua na anayegusa ubavu kwa ncha ya kidole wamekwambia mambo mawili tofauti, na yule wa ngumi simwachi arudi kwenye foleni.

Lakini lugha hiyo hiyo ni tajiri ukiipa nafasi. Maumivu yanachoma, yanakata, yananyonga, yanavuta, yanawanga, yanapwita. Mgonjwa akisema kichwa "kinapwita", usiandike "kinauma sana" ukadhani umeandika vizuri. Umemnyang'anya neno lake. Na akisema "malaria", usibishane naye wala usimkubalie. Muulize, "Hiyo malaria ikikushika, mwili unakuwaje?" Nimesikia watu wakiita malaria uchovu wa kawaida, upungufu wa damu, hata huzuni ya msiba.

Saa ni jambo jingine. Homeopathia inajali mno saa ya dalili. Lycopodium, kwa mfano, moja ya dawa zake, husifiwa kwa dalili zinazozidi kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, ambazo vitabu huandika 4 hadi 8. Mgonjwa akisema "saa nne" nawe ukaiandika 4 kama ya kitabu, umekosea kwa saa sita nzima. Niliwahi kufanya kosa hilo. Tangu siku ile naandika saa kama mgonjwa alivyoitaja, pamoja na neno asubuhi, jioni au usiku, na tafsiri naifanya pembeni.

Nirudi kwa bibi wa godoro.

Nilimpa karibu saa nzima. Alisema anaamka saa nane usiku akitafuta pumzi, hofu imemshika, hatulii kitandani, anakwenda kukaa dirishani. Kiu anayo, ila anakunywa funda moja moja. Mito imeongezeka kutoka mmoja hadi mitatu. Niliandika kila neno. Nilipofungua kitabu cha dalili cha James Tyler Kent, kilichotoka mwaka 1897, kila mstari ulinipeleka kwenye dawa iitwayo Arsenicum album: kuzidi baada ya usiku wa manane, wasiwasi, kutotulia, kunywa kidogo kidogo. Sijawahi kuona picha iliyolingana hivyo. Moyo wangu ulifurahi, na nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa furaha ile ndiyo iliyonifumba macho.

Alipokuwa anatoka alipishana mlangoni na muuguzi, jirani yangu. Muuguzi alimtazama anavyovuta viatu, akaniuliza, "Miguu umeibonyeza?" Sikuwa nimeibonyeza. Akapiga magoti pale pale, akamwomba bibi ruhusa, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki. Bibi alikuwa na maji mwilini, moyo umechoka kusukuma, na akilala chali yale maji yanamlemea mapafuni. Lile ndilo godoro. Alipelekwa hospitali siku ile ile, akapewa dawa za kupunguza maji na za moyo.

Nililifikiria jambo hili kwa miezi. Katika maneno ya bibi hapakuwa na kosa hata moja, na mimi nilikuwa nimesikia vizuri. Kuamka usiku kutafuta pumzi, kuongeza mito, kukaa wima ndipo nafuu ije: tabibu yeyote aliyefunzwa anaujua moyo unaoshindwa kwa dalili hizo hizo. Nilichokosea ni kitabu nilichozisomea. Kilinipeleka kwenye jina la dawa bila kupita kwenye swali la nini kinaendelea ndani ya mwili. Mwaka uliofuata niliomba nafasi chuo cha utabibu.

Kuhusu vidonge vyenyewe sitaki kumficha msomaji. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba homeopathia isitumike kutibu Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, malaria, mafua makali ya influenza wala kuhara kwa watoto wachanga. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupitia tafiti nyingi, lilisema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Nayakubali.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011. Sarah Brien na wenzake waliandikisha wagonjwa 83 wa baridi yabisi ambao tayari walikuwa wanatumia dawa za hospitali. Wengine walipata mahojiano kamili ya homeopathia na wengine hawakuyapata. Na katika vidonge, wengine walipewa vya kweli, wengine vya bandia visivyo na dawa. Waliohojiwa ndio waliopata nafuu ya maana. Kati ya vidonge vya kweli na vya bandia haikuonekana tofauti. Niliusoma utafiti huo usiku, nikausoma tena asubuhi, kwa sababu ulikuwa unaeleza maisha yangu ya kazi.

Basi sasa utaratibu wangu ni huu. Kabla ya masimulizi natafuta hatari. Mtoto asiyenyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea haulizwi anapenda kulalia upande gani. Anatibiwa sasa hivi. Mwenye homa anapimwa malaria. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku na kupungua uzito anatoa makohozi yapimwe kifua kikuu. Nikishajiridhisha, kalamu inashikwa na mdomo unafungwa.

Ndugu aliyemsindikiza namsikiliza pia, tena kwa heshima, maana anaona ambayo mgonjwa hayaoni: anavyokoroma, anavyosahau, chakula anachorudisha. Kisha namwomba atoke kidogo. Hahnemann aliandika kwamba maneno ya mgonjwa mwenyewe ndiyo ya kuaminika zaidi kuhusu hisia zake, na kwamba mambo ya aibu yaulizwe kwa upole na faraghani. Mume akiwepo, mama hatakwambia kwamba anatumia sindano ya uzazi wa mpango. Mwanawe akiwepo, mzee hatakwambia kwamba mkojo unamtoka.

Swali langu la mwisho ni "Kuna lingine?" Nalisema nikiwa nimeweka kalamu chini, sijasimama, sijaangalia mlango. Kisha nasubiri.

Bibi alirudi kunitembelea baada ya mimi kuhitimu. Alikuwa analala kwa mto mmoja, ila miguu ilikuwa imeanza kujaa tena. Mkwe alikwisha kuniambia dawa anameza zote, na bibi akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama kuna lingine, nikakaa kimya. Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema siku za arusi na za maziko vile vidonge vya kupunguza maji, vinavyomkojoza, havimezi, choo cha wenyewe kinakuwa mbali na anaona haya kuuliza, na mwezi ule kulikuwa na maziko mengi. Tukakubaliana kwamba siku hizo atavimeza alasiri, akisharudi kwake.