Saa za Kifahari: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba saa ya mkononi inayouzwa kwa mamilioni ya shilingi lazima iwe sahihi kuliko saa ya betri ya bei ya kawaida. Ukweli ni kinyume chake. Saa ya betri huongozwa na fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, ilhali saa nyingi za kifahari huendeshwa kwa springi, na gurudumu lake la mizani, lile linaloyumba huku na huko kupima muda, hupiga mara nane hivi katika sekunde hiyohiyo. COSC, taasisi ya Uswisi inayopima saa, hutoa cheti kwa mtambo wa springi unaochelewa kwa wastani hadi sekunde 4 au kutangulia hadi sekunde 6 kwa siku. Saa ya betri ya kawaida hukosea takriban sekunde 15 kwa mwezi mzima. Hata hivyo, kwatzi yenyewe ilianza kama anasa: Seiko Astron, saa ya mkononi ya kwatzi, ilipoingia sokoni Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, iliuzwa kwa yeni 450,000, bei ya kununulia gari dogo.

Dhana iliyokita mizizi zaidi inahusu turbiyoni, kile kizimba kidogo kinachozunguka ndani ya saa na ambacho watengenezaji hupenda kukiacha wazi kionekane. Hudhaniwa kuwa ni uvumbuzi wa kisasa unaoipa saa ya mkononi usahihi usio na kifani. Abraham-Louis Breguet, fundi mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanya kazi Paris, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya turbiyoni mwaka 1801, zama ambazo saa ilikaa mfukoni, wima, kutwa nzima. Ikikaa hivyo, kasoro ndogo ya uzani katika gurudumu la mizani huifanya itangulie au ichelewe kwa namna ileile muda wote. Breguet aliliweka gurudumu hilo pamoja na springi yake katika kizimba kinachozunguka, kwa kawaida mara moja kwa dakika, ili kosa la upande mmoja lifutwe na la upande wa pili. Mkono wa binadamu, kwa kuwa hugeukageuka wenyewe, huipunguza sana faida hiyo. Kinacholipiwa leo ni ustadi wa fundi anayeunganisha vipande vingi katika kizimba chenye uzito usiofika gramu moja, na kwa maoni yangu ustadi huo unastahili kulipiwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba anasa ni dhahabu. Mwaka 1972 Audemars Piguet, kampuni ya saa ya Uswisi, ilitoa saa ya Royal Oak, iliyosanifiwa na Gérald Genta, kwa chuma cha pua, na ikaipa bei iliyozidi ya saa nyingi za dhahabu. Tazama skrubu nane zilizo usoni pake: mifereji ya vichwa vyake imepangika sawasawa kufuata duara, jambo ambalo skrubu za kukazwa kwa bisibisi haziwezi kulifanya. Vichwa hivyo vya pembe sita vimezama katika matundu ya umbo hilohilo na havizunguki. Kinachokazwa kiko upande wa nyuma.

Rubi, vile vito vyekundu vilivyomo ndani ya mitambo ya saa, nazo si hazina, kwani hutengenezwa kiwandani ili kupunguza msuguano.

Mwisho, maandishi ya mita 30 yaliyo kwenye saa hayamaanishi kwamba saa inaweza kuzamishwa kina hicho. Ni kipimo cha shinikizo katika maabara, na saa ya namna hiyo inafaa kwa manyunyu tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 cha saa za wapiga mbizi huanzia mita 100, na hata hizo zinahitaji kukaguliwa mara kwa mara, kwa sababu mipira inayozuia maji huchakaa.