Ghuluul: kujitwalia katika mali ya umma uliyokabidhiwa

Neno hili la Kiarabu limebaki zaidi kwenye darsa za misikitini, na ni hasara, kwa sababu hatuna neno moja la Kiswahili linalolibeba lote. Ghuluul ni mtu aliyekabidhiwa mali ya wengi kujitwalia humo kitu kabla hajapewa, au zaidi ya alichopewa. Mwanzoni lilihusu ngawira, yaani mali iliyotekwa vitani: mpiganaji anaficha kitu kabla ya mgao. Aya ya 161 ya Sura Aal-Imran inasema mwenye kufanya hivyo atakuja na alichokichukua Siku ya Kiyama. Tafsiri zetu huandika "khiyana", na si kosa, ila khiyana ni pana. Anayetoboa siri ya rafiki yake naye kafanya khiyana. Ghuluul haiwi bila mali ya wengi na mkono ulioaminiwa kuishika.

Wengi hudhani kipimo ni ukubwa wa kilichochukuliwa. Sivyo. Watu walipokuwa wakitoka kwenye vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, mtumishi wa Mtume (s.a.w.) aitwaye Mid'am alipigwa na mshale usiojulikana ulikotoka, akafa. Masahaba wakasema hongera yake, kapata shahada. Mtume akakataa: ile shuka aliyoichukua Khaybar kabla ya mgao inamwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mmoja akaja mbio kurudisha ugwe wa kiatu. Na katika Hadithi ya Adiy bin Amira, iliyomo katika Sahihi Muslim, mkusanyo mashuhuri wa Hadithi, kipimo kinashuka hadi sindano: tutakayempa kazi akatuficha sindano au zaidi yake, hiyo ni ghuluul. Mtu mmoja wa Kiansari, yaani Mwislamu wa Madina, alisimama papo hapo akaomba avuliwe kazi aliyopewa.

Panapowatatiza watu zaidi ni kwenye zawadi. Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka za kabila la Banu Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili mbele ya watu: hili lenu, na hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama ataletewa zawadi? Kisha akaapa kwamba atakayechukua kitu humo atakuja nacho shingoni Siku ya Kiyama: ngamia akiguna, ng'ombe akilia au mbuzi akilia. Tazama vizuri kisa hiki. Mtu huyu hakuficha chochote, na hakuna aliyelalamika kwamba alilazimishwa kutoa. Kilichoharibu ni kilichoivuta ile zawadi, nacho ni cheo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama mtoaji katoa kwa moyo safi. Swali ni kama ingekufikia usingekuwa umekalia kiti hicho.

Mafakihi wa Kishafi, yaani wanazuoni wa sheria wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, waliipanga hukumu hii kwa kadhi, na inamfaa kila mwenye saini. Anayetoa akiwa na kesi mbele yako, ni haramu, hata kama mmepeana tangu utotoni. Akiwa hana kesi, lakini hakuwa na desturi ya kukupa kabla ya uteuzi, ni haramu vilevile. Akiwa hana kesi na desturi ilikuwapo, yafaa kupokea kwa kadiri ya zamani: jirani aliyekuwa akikuletea kapu la maembe kila msimu alete kapu, si kapu pamoja na mbuzi. Hata hapo, bora umlipe kitu badala yake. Kilichopokelewa kwa haramu hakiwi mali yako. Unamrudishia mwenyewe, na asipopatikana kinaingia hazina.

Tuitenge na rushwa. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na ndani yake kuna mapatano, ya wazi au ya kimya. Ghuluul haihitaji mtu wa pili. Lakini hizi mbili huzaana. Afisa anampa mwananchi hati yake bila kudai kitu. Wiki ijayo mwananchi anarudi na bahasha "ya asante". Hakukuwa na mapatano. Hata hivyo Hadithi ya Burayda, iliyomo katika mkusanyo wa Abu Dawud, inasema tuliyempa kazi tukampa na riziki yake, atakachochukua baada ya hapo ni ghuluul. Na wa nyuma kwenye foleni ameiona bahasha. Kesho atakuja na yake, na asiye nayo faili lake litalala.

Huko Tanzania jambo hili lilipewa hata jina zuri. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu "takrima", yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006.

Ghuluul ya kila siku, kwa maoni yetu, imo kwenye karatasi. Umechukua masurufu ya safari ya siku 7, kazi ikaisha siku ya 4, ukarejesha stakabadhi za siku zote 7: posho ya siku 3 ni ghuluul. Mafuta ya gari la ofisi yaliyopeleka watoto shule, na hujaruhusiwa, ni hivyohivyo. Ufinyu wa mshahara hauhalalishi, ingawa mwajiri naye ana wajibu: Mtume alisema mfanyakazi wetu asiye na nyumba apatiwe nyumba.

Tena kuna kiapo. Aliyeshika Msahafu akaapa kisha akavunja kiapo ana kafara: kulisha maskini 10, kwa Mashafi kibaba kimoja kwa kila mmoja, au kuwavisha, asiyeweza afunge siku 3. Kafara hiyo ni ya kiapo tu. Mali bado inadaiwa.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya: pesa imeliwa ofisini, kisha sehemu yake inajenga msikiti kijijini. Toba ya ghuluul huanza kwa kurudisha kile kile au thamani yake pale kilipotoka, si penginepo. Ibn Amir, aliyewahi kuwa liwali wa Basra, alipougua alitembelewa na Abdullah bin Umar, akamwomba amwombee dua. Ibn Umar akamjibu kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema haikubaliwi sala bila tohara, wala sadaka itokanayo na ghuluul. Kisha akaongeza: nawe ulikuwa liwali wa Basra.