Je, wajua? Kansa ya figo inaweza kuibukia shingoni, hata kama figo yenyewe ilishatolewa zamani

Huku kwetu Kigoma mtu akivimba shingo watu wanaamua palepale, hilo rovu tu, yani tezi la shingo limevimba, ale chumvi ya madini joto. Na mara nyingi wanapatia, wazee wetu wengi wamezeeka nalo.

Shangazi yangu wa Ujiji nae aliambiwa hivyohivyo. Uvimbe wenyewe ulikuwa kama chikichi, hauumi, akimeza chai unauona unapanda halafu unashuka, na hiyo ndo dalili kwamba kitu kiko kwenye thairoidi yenyewe, tezi la mbele ya shingo, coz tezi hiyo imeshikana na koo. Baadae sauti ikaanza kukwaruza tukampeleka hospitali. Daktari wakati anampima akaona kovu refu ubavuni, akauliza, mama hili la nini? Shangazi akajibu aah hilo la zamani, nilitolewa figo kwa kansa, mwaka wa 12 huu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakuona shingo na figo vinahusiana vipi.

Sasa vinahusiana vipi? Ni damu. Figo zinapokea kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kansa yake ya aina inayoonekana zaidi inapenda sana kuotesha mishipa, kwa hiyo chembe zake zinadondokea kwenye damu kirahisi. Zikishaingia safari yake ni kama treni yetu, ukitoka Kigoma lazima upite Tabora, na Tabora ya mwilini ni mapafu. Damu inatoka kwenye figo inaingia moyo upande wa kulia inaenda mapafuni, na chembe nyingi zinashukia hapohapo, ndo maana kansa ya figo ikisambaa mapafu huwa ya kwanza kuangaliwa. Zinazopenya zinarudi moyo wa kushoto halafu zinasukumwa mwili mzima, shingoni pia. Zingine hata Tabora hazipiti, zinapanda kwa vichochoro vya mishipa ya damu inayozunguka uti wa mgongo.

Thairoidi ni katezi kadogo, gramu 15 hadi 25 hivi kwa mtu mzima, lakini damu inayopita humo ni nyingi mno ukilinganisha na ukubwa wake. Pamoja na hayo ni nadra kansa ya sehemu nyingine kuota hapo, ila ikitokea, ya figo ni mojawapo ya zinazoongoza. Na inaweza kulala kimya miaka 10, wengine hata 20 na zaidi, mtu ameshasahau kabisa.

Kujua ni kansa ipi, ya thairoidi au ya figo, wanapiga ultrasaundi, wanavuta chembe kwa sindano nyembamba na kuziangalia kwenye hadubini. Chembe za figo zinaonekana nyeupe kama vyumba vitupu, kwa sababu mafuta na sukari zilizokuwemo zinayeyuka wakati wa kuandaa kipimo. Ila kuna kansa za thairoidi zinazofanana nazo, kwa hiyo wanatia rangi maalum kutafuta thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi hiyo, chembe za figo hazina. Hapa pasikosewe jamani, maana iodini ya mionzi inayotumika kutibu kansa nyingi za thairoidi haifanyi kazi kwa chembe za figo, haziinyonyi.

Kama iko kwenye tezi peke yake upasuaji unasaidia sana, watu wanaishi miaka baada ya hapo. Ikiwa imeenda kwingine kuna vidonge vya kuizuia isiote mishipa ya damu, na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Kwetu huku rufaa za kansa zinaenda Bugando Mwanza au Ocean Road Dar.

Ya shangazi ilikuwa ya figo kweli, akatolewa tezi lote, sasa anameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya chai. Na daftari lake la kliniki alinipa mwenyewe niandike juu kwa kalamu nyekundu: FIGO YA KUSHOTO ILITOLEWA, KANSA.