Nembo Yenye Nyuzi za Mbao: Dhana Potofu na Ukweli

Mabango ya karakana za samani jijini Dar es Salaam, hasa Keko na Buguruni, mara nyingi huandikwa kwa herufi zenye sura ya mbao, na uamuzi huo una msingi mzuri, kwa kuwa mpita njia hutambua kazi ya fundi kabla hata hajamaliza kusoma jina. Hata hivyo, nembo nyingi za aina hiyo huharibika zinapotoka kwenye bango na kwenda kwenye kadi, mhuri au fulana, na chanzo chake ni dhana chache ambazo fundi na msanifu huzikubali bila kuzihoji.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba uhalisia hupatikana kwa kuchukua picha ya ubao na kuijaza ndani ya herufi. Picha ya kamera hujengwa kwa pikseli, yaani vinukta vidogo vya rangi, na idadi ya pikseli hizo haiongezeki nembo inapokuzwa. Nembo yenye upana wa sentimita 3 kwenye kadi, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli zipatazo 350 tu kwa upana. Kwa ubora huohuo, bango la mita 3 lingehitaji zaidi ya pikseli 35,000. Ni kweli kwamba bango hutazamwa kwa mbali na halihitaji nukta nyingi kiasi hicho, lakini picha ndogo iliyopita WhatsApp na kubanwa njiani haiwezi kuhimili hata nusu ya safari hiyo. Nembo inapaswa kuchorwa kwa vekta, yaani kwa mistari ambayo kompyuta huikokotoa upya katika kila ukubwa. Wapo wanaodhani kwamba inatosha kuiagiza programu igeuze picha kuwa vekta yenyewe. Matokeo yake ni maelfu ya vipande vidogo visivyo na mpangilio, ambavyo mashine ya kukata stika hushindwa kuvikata kwa usafi na ambavyo hubanduka mapema. Njia bora ni kuiweka picha chini kama mwongozo, kisha kuchora juu yake kwa mkono mistari michache inayobeba tabia ya ubao ule.

Dhana ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inamvunjia heshima fundi mwenyewe: kwamba mbao zote zinafanana, na kwamba mistari yoyote ya mawimbi yenye rangi ya kahawia inatosha. Sura ya nyuzi, yaani mistari ya asili ya ubao, hutegemea jinsi gogo lilivyopasuliwa. Ubao uliopasuliwa bapa, kando ya kiini, huonyesha matao yaliyopandana katikati na mistari mirefu pembeni; ule ambao pete zake za ukuaji zimekatwa karibu wima huonyesha mistari iliyonyooka; pete kamili huonekana kwenye kichwa cha gogo peke yake. Nembo inayochora pete kamili juu ya uso wa ubao mrefu inaonyesha kitu ambacho hakipo, na seremala yeyote ataliona kosa hilo papo hapo. Vivyo hivyo, nyuzi hupinda na kulizunguka fundo, wala hazipiti juu yake, na nafasi kati ya pete na pete hailingani kwa sababu ukuaji wa mti hubadilika msimu hadi msimu.

Kisha kuna mti wenyewe. Paini ya Sao Hill, wilayani Mufindi, ina pete zilizo wazi, nyepesi na nzito zikipokezana, pamoja na mafundo mengi. Msaji, ambao wengi huuita mtiki na ambao hupandwa Longuza wilayani Muheza, nao una pete dhahiri juu ya kahawia ya dhahabu. Mninga una michirizi myeusi na myekundu isiyofuata mpangilio, na mvule huwa na umanjano ukiwa umepasuliwa karibuni, kisha hukolea kadiri unavyokaa kwenye mwanga. Mpingo ni tofauti kabisa: kiini chake cheusi chenye dalili ya zambarau hakionyeshi nyuzi kwa urahisi, kwa hiyo mchongaji wa vinyago wa Mwenge anayetaka mpingo uonekane katika nembo yake atafanikiwa zaidi kwa kuonyesha weusi huo ukipakana na ukingo mweupe wa mti kuliko kwa kuchora mistari.

Mwelekeo wa nyuzi nao ni uamuzi wa ufundi. Ikiwa neno zima linaonekana limechongwa katika ubao mmoja, nyuzi zipite katika herufi zote kwa mwelekeo uleule. Ikiwa herufi imeungwa kwa vipande, kila kipande kifuate urefu wake: katika T, nguzo iwe na nyuzi za wima na kipande cha juu kiwe na nyuzi za mlalo, na mstari wa kiungo uonekane. T ya namna hiyo inamwambia mteja kwamba aliyeitengeneza anajua kuunga mbao.

Wengine huamini kwamba nembo moja itafaa kila mahali. Mhuri wa mpira una rangi moja, uzi wa kudarizi hauwezi kufuata mistari iliyo myembamba sana, na picha ya wasifu kwenye simu ni duara dogo. Kwa hiyo ni lazima umbo la nembo lisimame kwanza bila nyuzi hata moja, kwa rangi nyeusi tupu, ndipo yatolewe matoleo: lenye nyuzi kamili kwa bango, lenye mistari mitatu au minne kwa kadi, na lisilo na nyuzi kwa mhuri. Toleo hilo la mwisho ndilo linalofaa pia kuchomwa kwa leza au chuma cha moto nyuma ya kiti au ndani ya droo, kwa kuwa pale ubao halisi unatoa nyuzi zake na mistari ya kuchora ingegongana nazo.

Kuhusu rangi, kahawia si sharti, na kahawia ya kioo cha simu haitoki vilevile kwa wino. Omba sampuli iliyochapwa kabla ya kulipia kazi yote.

Picha za mbao zilizoko mtandaoni nazo si mali ya kila mtu, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za picha. Fundi ana chanzo bora zaidi karakanani kwake: kipande kilichobaki, kikapigwa msasa, kikapakwa mafuta kidogo ili nyuzi zijitokeze, kisha kikapigwa picha kwa mwanga wa kutoka ubavuni.

Mwisho, kusajili jina la biashara kwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, hakuilindi nembo. Nembo husajiliwa kwa ombi lake lenyewe chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Usajili huo ni wa Tanzania Bara, hivyo anayeuza samani zake Unguja au Pemba anahitaji kuomba upya katika usajili wa Zanzibar.