Mwendo wa ngamia na vituko vingine vya kwata

Nimefundisha makuruta kwata miaka 11, na kila kundi jipya likiingia, wiki ya kwanza lazima nimpate ngamia. Namaanisha yule kuruta ambaye maisha yake yote ametembea vizuri tu, hata hapo kambini kaingia kwa miguu yake mwenyewe, sasa piga "mbele tembea!" uone, mkono wa kushoto unaenda na mguu wa kushoto, wa kulia na wa kulia. Ngamia ndo anatembea hivyo, miguu ya upande mmoja inaondoka pamoja, kwa hiyo jina likishamkaa mtu limekaa mpaka anamaliza kozi.

Watu wanadhani ni uzembe, kumbe wala. Kutembea mwili unajifanyia wenyewe, kwenye uti wa mgongo kuna neva zinazopanga mkono na mguu vipishane wakati wewe unawaza mambo yako. Sasa siku afande kasimama pua kwa pua anakuhesabia hatua, akili inataka kusimamia kila kiungo na hapo ndo inavuruga kila kitu. Zamani nilikuwa nafoka (nakiri), na ukimfokea ngamia anazidi kuwa ngamia. Siku moja nikachoka nikampa mmoja adhabu azunguke uwanja mbio, na kule anakokimbia mikono ikawa inapishana safi kabisa! Nikabaki nimeduwaa, filimbi mdomoni. Toka hapo dawa yangu ni hiyohiyo, akimbie mchakamchaka, apunguze mwendo polepole bila kusimama huku nampigisha stori, anajikuta yuko kwenye kwata bila kujua ameingiaje.

Kituko cha pili kilinikuta mwenyewe enzi zangu za ukuruta. Tumesimama mguu sawa karibu saa nzima juani tunamsubiri mgeni rasmi, nami nimekaza magoti kama nguzo ya umeme nikidhani ndo ukakamavu wenyewe. Nilivyoanguka sikumbuki, nakumbuka tu nyasi ziko karibu sana na jicho, na mwenzangu wa mbele ananilaani kwa sauti ya chini maana nilishuka naye. Sababu yake ni hii: ukisimama muda mrefu damu inashuka miguuni, na kinachoisaidia kupanda tena ni vigimbi, kila vinapokaza na kulegea vinaisukuma juu kama pampu. Ukiganda, pampu imesimama, ubongo unapungukiwa damu, chini. Ukishalala damu inarudi kichwani na ndo maana wengi wanaamka ndani ya muda mfupi wanauliza nani kawasukuma. Kwa hiyo usikaze magoti, na chezesha vidole ndani ya buti, hakuna afande anayeona mle ndani. Na mwenzako akidondoka msimkurupushe kumsimamisha, mwacheni alale, mnyanyueni miguu.

Halafu buti! Kuna kuruta alikuwa na woga mpaka kila swali anajibu "ndiyo afande!" Mgawa vifaa kamuuliza unavaa namba ngapi, ndiyo afande. Arobaini na mbili? Ndiyo afande! Mguu wake 44. Alivaa hivyo wiki mbili, malengelenge yakapasuka, yakaota mengine juu ya yale, na siku tunamuuliza buti zinabana? akajibu ndiyo afande, hakuna aliyemwamini maana si ndo jibu lake siku zote.

Sasa turudi kwa ngamia, yule wa kwanza wa filimbi. Kwata ya majeshi mengi ni kama hatua 120 kwa dakika, yaani 2 kila sekunde, na kikosi kizima kikikanyaga pamoja juu ya daraja la kuning'inia, daraja linaweza kuanza kuyumba kwa kufuata hatua zenu. Mwaka 1831 huko Broughton, Uingereza, askari zaidi ya 70 walivuka hivyo, wakaona linavyonesanesa wakafurahi, wengine wakaanza kupiga mluzi wa kwata ili wafuatishe vizuri zaidi! Bolti ikakatika, karibu 40 wakatumbukia kwenye maji, bahati nzuri hayakuwa na kina na hakuna aliyekufa. Ndo maana mpaka leo tukifika darajani amri ni kila mtu atembee anavyojua yeye.

Basi tukafika kwenye kidaraja cha kamba na mbao, nikatoa hiyo amri, wote wakavuruga hatua, isipokuwa ngamia. Wiki 3 nimemsumbua ashike mdundo, ameushika, sasa hauachii. Anavuka kifua mbele, mikono mpaka usawa wa bega, kushoto kulia kushoto kulia, jasho linamtoka, ananitazama kwa jicho la pembeni kama anaomba msamaha. Nikamwambia pita baba, pita hivyohivyo, mmoja daraja linambeba.