i7 ya Mwaka Gani?

"Fundi, nimepata i7 kwa bei ya kutupa." Nikisikia hivyo hapa Kondele, Kisumu, naweka bisibisi chini, maana kinachofuata nakijua. Begi linafunguliwa, inatoka laptopu nyembamba iliyotumika Uingereza, imepigwa polishi, kibandiko cha i7 kingali kinang'aa. Mwenyewe amezipita i5 zilizokuwa rafu ileile, za bei ileile, kwa sababu saba ni kubwa kuliko tano. Sasa video ya matanga inakwama kila akigusa taimulaini, wafiwa wanapiga simu, naye anataka nimwongezee RAM.

Nimechoka kulieleza hili kwa mdomo. Nimeliandika, anayekuja nalo tena nitamtumia linki.

i5 na i7 ni majina ya chipu za Intel, ubongo wa kompyuta. i7 si kipimo cha kasi. Ni daraja ndani ya kizazi kimoja, basi. Pale soko la Kibuye hakuna anayenunua shati la mtumba kwa kuwa limeandikwa L. Kwanza analinyanyua aone kama ni la mtoto. i7-6600U ya mwaka 2015 ina kori 2, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, na thredi 4, yaani foleni nne za kazi. i5-8250U ya 2017 ina kori 4 na thredi 8. Zote ni za wati 15, na zote zikisukumwa zinafika 3.4 GHz. Kati ya hizo mbili, kijana wetu alibeba ya kwanza akaiacha ya pili, tena akajiona mjanja.

Kwa hiyo washa mashine dukani, fungua Task Manager, nenda kwenye CPU usome jina lote hadi herufi ya mwisho. Namba inayoanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 6600 ni cha 6, 8250 ni cha 8. U ni ya kubana betri. H ni ya wati 45 hivi na inahitaji feni la maana. F, kwenye kompyuta za mezani, ni chipu isiyo na grafiki ndani, na hiyo F nitairudia kwa sababu inauma. Chini ya kizazi cha 8 usiingie: Windows 11 haizitambui rasmi chipu nyingi za huko, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Picha nazimaliza haraka. Lightroom na Photoshop, unapovuta slaida, zinataka kori moja yenye kasi. Kori nyingi zinasaidia unapotoa picha mia tatu za harusi kwa mpigo. i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 16, diski ya kasi ya SSD, inatosha. Studio ya picha za pasipoti haihitaji hata kusoma makala hii.

Video ndiyo inayonipandisha presha. Yule aliyekwisha kubali kwamba i7 si hoja huhamia imani ya pili: "Basi nipe kori nyingi." Kaka, kwanza niambie kamera yako inaandika nini.

H.264 na HEVC, miundo ya kubana video inayotumiwa na kamera nyingi, hazihifadhi kila fremu nzima. Zinaweka fremu moja kamili, kisha zinaandika mabadiliko tu. Ukisimamisha kishale katikati, mashine inalazimika kufumbua fremu kadhaa ili ikuonyeshe moja, na ukirudi nyuma ni balaa zaidi. Kazi hiyo hufanywa kwa kori, kwa nguvu za mabavu, au kwa sakiti maalumu iliyomo ndani ya chipu. Intel waliileta sakiti yao mwaka 2011, wakaiita Quick Sync, na imo kwenye ile grafiki ya ndani. Chipu ya F haina grafiki hiyo, kwa hiyo haina Quick Sync. Mtu anaokoa hela kidogo kwenye F bila kadi nzuri ya grafiki, halafu anakuja kuniuliza mbona ya jirani inateleza.

Sakiti yenyewe inajua tu miundo iliyofundishwa. HEVC ya biti 8 (biti ni kina cha rangi) iliingia kizazi cha 6. Ya biti 10 ikaingia kizazi cha 7. HEVC ya 4:2:2 biti 10, ile yenye taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0, usihangaike: anzia kizazi cha 11. Ryzen, chipu za AMD, nyingi utakazokuta madukani hazina sakiti ya 4:2:2 hata zikiwa na kori za kumwaga, ingawa kwa kazi nyingine nazipenda sana.

Sasa tazama. Mpiga video za harusi anauza kamera ya Sony a7 III, iliyokuwa inarekodi 4:2:0 ya biti 8, ananunua a7 IV. Anaweka 4:2:2 biti 10 kwa sababu YouTube wamemwambia, lakini anabaki kwenye XAVC S, ambayo ni H.264. Muundo huo hata Quick Sync ya kizazi cha 11 haiufumbui. Laptopu iliyomlisha mwaka mzima inageuka jiwe, naye anaapa imeingia virusi. Dawa ya kwanza imo kwenye menyu ya kamera: hamia XAVC HS, ambayo ni HEVC, kama chipu yako inaiweza, au rudi biti 8. Bibi harusi hataiona tofauti.

Ndiyo maana MacBook Air yenye chipu ya Apple, M1, ya mwaka 2020, isiyo hata na feni, inazikimbiza klipu za HEVC ambazo zinaitoa jasho kompyuta ya mezani yenye Xeon E5 mbili, chipu za Intel za seva, za 2012 na kori 16. Xeon hizo hazina Quick Sync. Wenye nazo huwa hawapendi nikisema.

Kuna jambo linaloniyumbisha mimi mwenyewe. Ukitengeneza proksi, yaani nakala ndogo nyepesi za kuhariria, nusu ya haya niliyoandika yanapungua uzito. Hata mashine ya wastani itakwenda. Nawashauri watu proksi, lakini mazishi ni Jumamosi na familia inataka video Jumapili, na stima ikipotea usiku proksi zimeishia katikati. Kwa hiyo sijui kama nimwambie mtu anunue chipu au ajifunze subira. Kawaida namwambia chipu.

Sauti ni kesi nyingine kabisa. Studio ya muziki wa ohangla haisubiri fremu, inasubiri muda. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakichakata kwa mkupuo, ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni kama milisekunde 2.7, kazi yote ikamilike ndani ya hapo, la sivyo unasikia mpasuko. Plagini kumi, zile programu ndogo za kupamba sauti, kwenye treki moja hupangana foleni kwenye kori moja, kwa hiyo kasi ya kori ndiyo mpango. Ukimaliza kurekodi, pandisha bafa hadi 1024 uchanganye kwa raha. Lakini nimeona laptopu mbili zenye chipu ileile, moja safi, nyingine inapasua. Nazima Wi-Fi, naweka chaji, naendesha LatencyMon, programu ya kutafuta kinachochelewesha sauti, nabadilisha draiva. Mara nyingine inapona, mara nyingine narudisha mashine kwa mwenyewe bila jibu.

Halafu joto la Kisumu saa nane mchana, laptopu juu ya godoro, ndani pasta ya kupitishia joto la chipu imekauka tangu Uingereza. Chipu ikikaribia digrii 100 inajipunguza kasi, i7 au i5. Chaja ndogo nayo: baadhi ya laptopu zisipoitambua zinajibana, na skrini haisemi kitu.

Ukienda dukani beba flashi yenye klipu ndefu kutoka kamera yako mwenyewe, kwa mpangilio unaotumia kazini. Inakili kwenye SSD, iweke kwenye programu yako, buruta kishale kuelekea nyuma, na ufungue Task Manager uone kama Video Decode inapanda au kori ndizo zinazolia. Muuzaji akikataa, kuna maduka mengine Oginga Odinga Street.